Unyevu katika nyumba mpya: nipake rangi sasa au nisubiri?

Mpangaji Mstaafu

Ndugu wanajamvi, salaam. Leo nalazimika kuleta jamvini suala la jamvi lenyewe, yaani lile la zege lililo chini ya nyumba yangu, pamoja na kuta zilizosimama juu yake.

Ninajenga Bunju, nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko na stoo, kwa matofali ya saruji ya inchi 6. Jamvi lilimwagwa miezi 14 iliyopita, kuta zikapanda taratibu kadiri mshahara ulivyoruhusu, tukapaua mwezi wa Agosti, na lipu ya ndani na nje ikapigwa mwezi wa Novemba, katikati ya mvua za vuli, kwa sababu fundi alikuwa na nafasi wakati huo tu. Sasa ni mwishoni mwa Februari, na kodi ninayolipa kwa mwenye nyumba wangu inaisha tarehe 31 Machi.

Jumamosi iliyopita nilikwenda saiti nikiwa na ndoo mbili za skimu, ile ya kulainisha ukuta kabla ya rangi, ndani ya gari, nikiamini kwamba kazi iliyobaki ni ya kupamba tu. Nilipoweka kiganja kwenye ukuta wa chumba cha nyuma, sehemu ya chini nilikuta ni ya baridi, na lipu yake ni nyeusi zaidi kuliko ya juu, ikiishia kwenye mstari wa mawimbi ulio kiasi cha sentimita 50 kutoka sakafuni. Juu kidogo ya mstari huo umeota unga mweupe unaobaki kwenye ncha za vidole ukiugusa. Sebuleni kuta zinaonekana kavu. Kwenye korido, karibu na mlango wa choo, kuna doa la ukubwa wa sinia sakafuni ambalo halikauki hata mchana wa jua kali.

Fundi wangu anasema ni jambo la kawaida, kwamba nyumba mpya hutoa jasho, na anapendekeza tupake rangi ya mafuta kuanzia sakafuni hadi mita 1 ili doa lisionekane. Shemeji yangu anaapa kwamba nailoni, ile ya kuzuia maji ya ardhini yasipande, haikutandikwa chini ya jamvi. Mimi siku ile nilikuwa Dodoma kikazi, na picha nilizotumiwa zinaonyesha kifusi kilichoshindiliwa, kisha zinaonyesha zege, na katikati hakuna picha yoyote. Wakati tunaendelea kubishana, msaidizi wa fundi ameweka jiko la mkaa ndani ya chumba hicho na kufunga madirisha, akisema ukuta utakauka kwa siku tatu.

Naomba kujua mambo mawili. Kwanza, nitatambuaje kama haya ni maji ya ujenzi yatakayoondoka yenyewe, au ni maji yanayotoka ardhini? Pili, kuna ubaya gani nikipaka rangi na kuhamia kabla ya masika, halafu nikarekebisha baadaye?

Msimamizi wa Saiti

Ndugu Mpangaji Mstaafu, kabla ya jambo lingine lolote, tafadhali piga simu sasa hivi jiko hilo la mkaa litolewe. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na kijana anayelala humo kulinda mali anaweza asiamke. Na akitokea wa kukushauri uweke jiko la gesi badala yake, mweleze kwamba kila kilo 1 ya gesi inayoungua huzalisha takriban lita 1.6 za maji kwa njia ya mvuke, kwa hiyo utakuwa unanunua mtungi ili kuinywesha nyumba.

Sasa tuje kwenye swali lako. Fundi hakukosea kabisa aliposema nyumba mpya hutoa jasho, ila jasho hilo lina kipimo chake na muda wake. Chukua jamvi la mita za mraba 100 lenye unene wa sentimita 10, ambalo ni mita za ujazo 10 za zege. Kwa mchanganyiko wa kawaida wa mifuko sita na nusu kwa kila mita ya ujazo, na maji yasiyozidi lita 180, jamvi zima limekunywa lita 1,800. Saruji yenyewe hufunga kikemia maji yaliyo sawa na karibu robo ya uzito wake, yaani lita 800 hivi kwa mifuko hiyo 65. Zinabaki kama lita 1,000, tangi zima, ambazo hazina pa kwenda isipokuwa kutoka taratibu kupitia juu. Hapo sijahesabu udongo wa kujengea matofali, lipu, wala yale maji ambayo mafundi huongeza kwa ndoo ili zege liteleze vizuri kwenye toroli.

Maji ya namna hiyo, hata hivyo, yana tabia inayoyatambulisha. Husambaa ukuta mzima au sakafu nzima kwa kiasi kinacholingana, na kila wiki ya jua hupungua. Hayachori mstari. Ukuta ulioloa chini na kukauka juu, wenye mpaka wa mawimbi na ukanda wa chumvi juu ya mpaka huo, unanyonya maji kutoka chini kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta: maji yanapanda hadi pale ambapo kasi ya kukauka inalingana na kasi ya kupanda, na chumvi iliyoyeyuka ndani yake inabaki hapo baada ya maji kuondoka. Kwa kawaida mstari huo huishia chini ya mita 1 au zaidi kidogo. Lipu yako ina miezi mitatu na zaidi, na jamvi lina miezi 14, kwa hiyo mimi sikubali kwamba mstari wa sentimita 50 ni jasho la ujenzi.

Lakini nisichokubali pia ni haraka ya shemeji yako ya kuhukumu nailoni. Kuna njia nyingi za maji kufika mguuni mwa ukuta, na nakuomba ufanye uchunguzi ufuatao kabla hujanunua hata lita moja ya rangi.

Anza na kuta za ndani zisizogusana na nje. Kama nailoni haipo kabisa, hakuna sababu ya ukuta unaotenganisha sebule na chumba kubaki mkavu, kwa maana nao umesimama juu ya jamvi lilelile na ardhi ileile. Kama ni kuta za nje peke yake zilizoloa, tena za upande mmoja, tatizo liko nje.

Kisha kata vipande vya nailoni angavu vya nusu mita kwa nusu mita, ukabandike kimoja sebuleni, kimoja chumbani na kimoja koridoni juu ya lile doa, ukiziba kingo zote nne kwa utepe mpana usioachia hewa, na uviache kwa saa 24. Ukikuta matone chini ya nailoni, maji yanatoka kwenye sakafu. Ukikuta matone juu yake, ni mvuke wa hewani uliotua kwenye kitu cha baridi, na hapo tiba ni madirisha. Kipande kama hicho unaweza kukibandika ukutani pia.

Tatu, zunguka nyumba kwa nje ukiwa na futi. Pima kutoka juu ya jamvi hadi kwenye udongo. Panapaswa kuwa na sentimita 15 zisizopungua. Usinijibu kwa kukisia, kwa kuwa watu wengi hukumbuka urefu wa msingi waliouona kabla kifusi hakijasambazwa.

Na lile doa la koridoni, kwa maoni yangu, ni kesi nyingine kabisa. Doa la mviringo karibu na choo ni la fundi bomba hadi ithibitike vinginevyo.

Fundi Lipu na Rangi

Nimesoma maelezo ya dada Msimamizi na ninaafiki, ila naomba niongeze yale ninayokutana nayo kila siku nikiwa na mwiko na brashi mkononi, kwa sababu mwisho wa yote lawama huangukia kwa mpaka rangi.

Rangi ya mafuta kwenye ukuta huo ni kosa kwa sababu mbili. Kwanza, ni ngozi isiyopitisha maji, kwa hiyo maji yaliyokuwa yakitoka kwenye sentimita 50 za chini yatanyimwa njia na kupanda hadi yapite pale rangi inapoishia. Mwakani utakuwa na mstari kwenye mita 1.2, juu ya viti vyako. Pili, lipu changa bado ina ukali wa saruji, na ukali huo ukikutana na mafuta ya rangi penye maji hugeuza mafuta kuwa kitu kama sabuni. Nimewahi kuitwa kwenye nyumba moja ambako rangi ya mafuta ilikuwa imepakwa wiki mbili baada ya lipu. Nilipopitisha kidole, ilinata na kuvutika kama ute wa bamia, na chini yake palikuwa na matone. Tulikwangua yote.

Kwa desturi mimi huipa lipu siku 28 zisizopungua kabla ya skimu wakati wa kiangazi, na zaidi ya hapo ikiwa ilipigwa wakati wa mvua. Baada ya skimu napendelea rangi ya maji, ya kawaida, isiyong'aa, kwa mwaka wa kwanza. Haipendezi sana na watoto wataichafua, nakubali, lakini inaruhusu ukuta kupumua, na mwaka unaofuata utapaka unayoitaka.

Naomba pia nitenganishe mambo mawili ambayo wenye nyumba wengi huyachanganya. Kumwagilia zege na lipu kwa siku saba za mwanzo si kuongeza unyevu wa bure. Saruji inahitaji maji hayo ili ishike, na ukiinyima kwa kuogopa unyevu utapata lipu yenye nyufa ndogondogo ambazo baadaye ndizo zitakazonyonya mvua. Baada ya siku hizo ndipo kukausha kunaanza, tena kwa utulivu, bila moto.

Kuhusu unga mweupe, usiuoshe kwa maji. Ukiuosha unayeyuka na kurudi ndani ya ukuta, kisha unatoka tena wiki inayofuata. Upanguse ukiwa mkavu kwa brashi ngumu, uukusanye kwenye beseni na kuutupa mbali na nyumba. Na umuulize fundi wako mchanga wa lipu ulitoka wapi. Kwetu huku pwani wapo wanaouza mchanga wa karibu na bahari kwa bei ya kuvutia. Mchanga huo huja na chumvi yake, na chumvi ikishakaa ukutani huvuta maji kutoka hewani hata kama ardhi ni kavu kabisa. Ndiyo maana kuta za namna hiyo huonekana zimeloa asubuhi na kukauka alasiri.

Kozi ya Tano

Nadhani mnamtisha ndugu yetu bila sababu. Mimi nilikuwa na tatizo hilihili, nikabandua lipu ya ndani hadi mita 1, nikapiga lipu mpya yenye saruji nyingi iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji, na leo ni mwaka wa pili sijaona doa. Kazi iliisha kwa siku nne. Kwa nini asubiri miezi?

Msimamizi wa Saiti

Ndugu Kozi ya Tano, naamini usemayo, na sishangai kwamba huoni doa, kwa kuwa umejenga bwawa. Maji hayajaondoka ukutani. Yamezuiliwa upande mmoja, na yatatokea nje, au juu ya hiyo mita 1, au kwenye fremu za milango. Kwenye karakana ya chini ya ardhi, ambako udongo umekizunguka chumba na hakuna namna ya kuukwepa, njia yako ndiyo sahihi. Kwa nyumba iliyo juu ya ardhi, ambayo chanzo chake bado hakijatafutwa, mimi ningeiweka mwisho wa orodha. Tafadhali chungulia nyuma ya makabati ya jikoni na kwenye miguu ya fremu, kisha utueleze.

Mtoto wa Shangani

Assalaam alaykum. Naandika kutoka Unguja, na hili la bwawa la ndugu Kozi ya Tano limenigusa, kwa sababu sisi tumeliona kwa kiwango cha mji mzima.

Nyumba za Mji Mkongwe, ambao uliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zikiwa na unene wa kiasi cha nusu mita na zaidi. Hazikuwa na nailoni wala dawa yoyote. Maji yalipanda kutoka ardhini tangu siku ya kwanza, lakini lipu ya chokaa iliyatoa nje kwa kasi ileile yaliyoingilia, na kila baada ya misimu kadhaa watu walipaka chokaa upya kama sehemu ya kutunza nyumba. Shida ilikuja pale wenye nyumba walipoanza kuziba sehemu za chini kwa lipu ya saruji ili zionekane imara. Saruji haikuruhusu maji kutoka, yakapanda ndani ya ukuta hadi kwenye ncha za boriti za mikoko zilizobeba sakafu ya juu, na boriti ikioza ndani ya ukuta huioni mpaka siku sakafu inapoinama.

Simwambii ndugu yetu wa Bunju ajenge kwa chokaa. Nyumba yake ni ya saruji na itabaki ya saruji. Ninalomwomba alipeleke kwa fundi wake ni hili tu: kila kitu anachotaka kukipaka au kukibandika, aulize kwanza maji yatatokea wapi baada ya hapo.

Nshomile Mjenzi

Kwa ufupi kutoka Bukoba, ambako mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka: unyevu mwingi unaoonekana baada ya lipu uliingia kabla ya paa. Kuta zilizoachwa wazi juu misimu miwili hunywa mvua kupitia matundu ya matofali na kichwa cha ukuta. Sisi kila jioni tunafunika kozi ya mwisho ya matofali kwa turubai au bati kuukuu na kuweka mawe juu, na matofali ya kuchoma hatuyapangi moja kwa moja juu ya udongo. Ni kazi ya dakika kumi. Kwa aliyekwisha kupaua hii haimsaidii, lakini nadhani wapo wengine wanaosoma ambao bado wako kwenye lenta, yaani mkanda wa zege ulio juu ya milango na madirisha. Wale wanaojenga nyumba za bati lisiloonekana, zenye ukuta uliozunguka paa, nao wamwagie maji juu kwa mpira na kuangalia kwa saa nzima kabla ya kuweka dari ya jipsamu, kwa maana mfereji uliofichwa nyuma ya ukuta huo ukivuja hutajua mpaka dari ianguke.

Mpangaji Mstaafu

Nawashukuru sana, na jiko lilitolewa siku ileile. Nimetumia Jumamosi mbili kufanya mliyoniagiza, na majibu yamenishangaza.

Kuta za ndani zote ni kavu. Ukuta wa mbele ni mkavu. Uliolowa ni ukuta wa nyuma peke yake, vyumba viwili, na sehemu ya jiko. Nilipozunguka nyuma na futi sikuweza hata kupima hizo sentimita 15, kwa kuwa udongo ulikuwa juu ya jamvi. Kifusi chote kilichotoka kwenye shimo la maji taka kilisukumwa upande ule na kusawazishwa, na mama watoto, kwa nia njema, alikuwa amekwisha kupanda mchaichai juu yake na kumwomba mlinzi aumwagilie kila jioni. Kwa hiyo ukuta wangu wa nyuma umekuwa ukinyweshwa ndoo mbili kwa siku tangu Desemba.

Nilichimba kwa jembe sehemu ya mita moja hadi chini ya jamvi. Lipu ya nje imeshuka moja kwa moja hadi kwenye udongo bila kukatika, na nilipoibandua kwa patasi pale jamvi linapokutana na ukuta wa msingi, kipande cha nailoni nyeusi kikachungulia. Nikapiga picha na kumtumia shemeji. Bado hajajibu.

Vile vipande vya nailoni: sebuleni pakavu juu na chini, chumbani hali kadhalika, lakini koridoni baada ya saa 24 chini ya nailoni palikuwa na matone mazito, mengine yameungana. Fundi bomba alifunga koki zote, akapandisha presha kwenye mabomba hadi mara moja na nusu ya ile ya kawaida, na mshale ukaanza kushuka mbele ya macho yetu. Tumefukua, na kiungo kimoja chini ya mlango wa choo kilikuwa hakijaunganishwa sawasawa. Unaweza kukizungusha kwa vidole viwili.

Sasa nifanye nini na ukuta wa nyuma, na je, Machi 31 bado inawezekana?

Msimamizi wa Saiti

Hongera kwa kuchimba. Wengi hupenda kujadili nailoni kuliko kushika jembe. Nailoni yako inafanya kazi, ila imewekewa daraja: udongo na lipu ya nje vimepita pembeni yake, na maji yanavuka kupitia hapo bila kuigusa.

Ondoa udongo upande wote wa nyuma hadi ubaki sentimita 15, na ikiwezekana 20, chini ya usawa wa juu wa jamvi, na uuelekeze mteremko mbali na nyumba, kiasi cha sentimita 5 kwa kila mita. Pembeni ya ukuta weka mkanda wa kokoto tupu, upana wa sentimita 40 hivi, ili mvua inayodondoka kutoka kwenye bati isirushe matope ukutani, na uhakikishe kwamba mfereji wa bati upande huo umewekwa kabla ya masika. Kisha fundi akate lipu ya nje kwa msumeno wa umeme kwenye usawa wa jamvi kuzunguka ukuta mzima wa nyuma na kubandua yote iliyo chini ya mkato huo, ili isibaki njia ya kupandia. Mchaichai uhamie kwenye ndoo.

Kwa ndani usiguse kitu kwa sasa. Chora mstari wa penseli kwenye mpaka wa unyevu na uandike tarehe, na urudie kila Jumamosi. Fungua madirisha yanayokabiliana kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kwa sababu hewa ya usiku na alfajiri huku pwani huwa imekaribia kujaa mvuke na haikaushi kama ya mchana, na uyafunge mvua inapokaribia. Mstari ukikoma kushuka na ukuta ukiwa mkavu, bandua lipu ya ndani iliyoota chumvi hadi sentimita 30 juu ya mstari wa mwanzo, upige mpya kwa mchanga wa mto uliooshwa. Lipu ile ya zamani hata ikikauka itabaki na chumvi, na kila masika itavuta maji.

Kuhusu Machi 31, kuhamia unaweza, kwa masharti. Vyumba vya mbele na sebule viko tayari kwa skimu na rangi ya maji. Vyumba vya nyuma viache bila rangi, usiviwekee kapeti la plastiki wala kabati la mbao za kubandika, na kitanda kikae mbali na ukuta. Koridoni weka marumaru baada ya kile kipande cha nailoni kutoka kikavu mara mbili mfululizo. Unene wa zege ukiwa sentimita 10, lililoloa sana huweza kuchukua miezi kadhaa, kwa hiyo usihesabu wiki.

Fundi Lipu na Rangi

Ninaongeza neno moja. Fremu za milango ya vyumba vya nyuma ziwe zimepakwa dawa hata kwenye ncha ya chini inayogusa sakafu, kabla hazijasimikwa. Huko ndiko mninga unakonywea maji, na huko ndiko hakuna anayepaka. Mlango wenyewe usipigwe randa sasa kwa sababu tu umebana. Ukikauka Julai utakuwa na mwanya wa kupitisha panya.

Kozi ya Tano

Nimechungulia nyuma ya kabati la jikoni kama dada alivyoniomba. Naomba nami nielezwe hiyo kazi ya kukata lipu ya nje inafanywaje bila kuharibu ukuta.

Mpangaji Mstaafu

Narudi baada ya masika, ni wiki ya pili ya Juni. Tulihamia Aprili 4, kwa kuwa mwenye nyumba alikubali kuniongezea siku chache. Udongo uliondolewa, lipu ikakatwa, na mvua kubwa za Aprili zilipita juu ya mkanda wa kokoto bila kuacha tope ukutani.

Mistari ya penseli iko kumi na mitatu sasa. Wa kwanza uko kwenye sentimita 50, wa wiki ya nne kwenye 41, katikati ya mvua ulikwama kwenye 33 kwa Jumamosi tatu hadi nikaanza kuandika hapa kulalamika, kisha mvua zilipotulia na jua kurudi ukashuka hadi 18. Jikoni umetoweka kabisa. Koridoni nailoni ilitoka kavu mara ya kwanza jana, na nimeibandika tena leo asubuhi.

Vyumba vya nyuma bado havina rangi. Mtoto wa pili, aliyepewa kimojawapo, ameanza kujichora urefu wake pembeni ya mistari yangu, na ameniomba fundi atakapobandua lipu aiache sehemu hiyo. Nimemwambia iko juu ya sentimita 80, haitaguswa.